Binti apenda sayansi na kuchora, aache kipi?

SWALI: Shangazi, asalaam aleikum. Binti yangu yuko gredi ya tisa. Sayansi anafanya vizuri sana lakini akitoka shule ni kuchora tu, na wikendi anapaka maharusi hina mtaani. Sasa tunatakiwa tuchague mkondo wa sekondari ya juu, babake anasema STEM (sayansi, teknolojia, uinjinia na hesabu) na hayo ya kuchora yaishe leo leo, ati yanampotezea wakati. Mjomba wake aliye Marekani naye anasema kule kuna vyuo vya elimu huria, mtoto anasoma sanaa na sayansi pamoja. Hicho ni kitu cha maana ama ni starehe ya matajiri?
Mama Binti, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kwenye mkondo niko na baba mtu. Kama mtoto mwenyewe anaipenda sayansi basi aende STEM, manake udaktari, famasia na uinjinia vinataka hayo masomo na akiyaacha sasa kuyarudia baadaye ni kazi. Lakini kumwachisha kuchora, hapo siko naye kabisa.

Kaa naye siku moja akipaka hina umtazame. Ule unga una rangi inayoitwa losoni, akitia ndimu ile asidi inaisaidia itoke, alafu inashikana na protini ya ngozi inayoitwa keratini, ndio maana hina ikibanduliwa ni ya machungwa na kesho yake au keshokutwa imekolea hudhurungi, na kiganjani inakolea zaidi sababu ngozi ya pale ni nene. Hiyo ni kemia! Na yale maua ya mkono wa kulia yakae sawasawa na ya kushoto, anayagawa kwa jicho tu bila rula, nayo ni jiometri. Kwake yeye ni kazi moja, sisi wazazi ndio tunaikata mara mbili.

Mwambie mumeo kuhusu Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania. Alitaka kuwa mchoraji, babake akakataa katakata, akamsukuma kwenye udaktari. Akaenda, lakini mkono wa kuchora hakuuacha, akawa anaangalia ubongo kwa hadubini na kuchora seli za neva moja moja kwa wino, na ni kwa kuzitazama hivyo ndipo akashika kwamba kila seli iko peke yake, si uzi mmoja uliosukwa kote kama wengi walivyoamini wakati ule. 1906 akapewa Nobel ya tiba pamoja na mwanasayansi Muitaliano, Camillo Golgi. Michoro yake mpaka leo inatumika kufundishia.

Na hapa kwetu ipo Fort Jesus. Aliyeichora ni Muitaliano, Giovanni Battista Cairati, ikajengwa 1593 mpaka 1596, na ramani yake imefuata umbo la mwili wa binadamu kwa sababu wasanii na wajenzi wa zama zile waliamini vipimo vya mwili ndivyo vilivyokamilika. Lakini ni ngome ya vita, kila pembe imepigiwa hesabu ya mizinga. Mpelekeni mtoto aione akiwa juu ya ukuta, si picha kwenye simu.

Sasa hiyo elimu huria. Ni mambo ya zamani sana, vyuo vya kale vya Ulaya vilifundisha masomo saba, sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri, muziki na falaki, na muziki ulihesabiwa upande wa hesabu. Siku hizi kule Marekani mwanafunzi anagusa masomo mengi kwanza, biolojia, historia, uchoraji, ndipo anachagua la kubobea. Karo yake ni ghali mno, bila ufadhili mzazi wa kawaida hawezi, hilo mjomba awaambie wazi. Afrika pia iko, chuo kikuu cha Ashesi huko Ghana kilianza 2002 na mtoto wa kompyuta pale anasoma pia masomo ya jamii na fasihi.

Lakini huko ni mbali, kwa sasa shughulikia sekondari. Kabla hamjajaza hizo shule, uliza kila moja kama mchanganyiko wao wa STEM unaruhusu somo moja la sanaa, na kama hauruhusu uliza wana klabu ya uchoraji inayofanya kazi kweli, ina mwalimu na vifaa. Shule mbili zikilingana kwa maabara, chukueni ile yenye klabu.