Funza weupe kwenye ukoka na bustani: fukua kwanza, dawa baadaye

Ukiona kwarara wanashinda kwenye ukoka wako tangu asubuhi wanachoma midomo chini, halafu yangeyange nao wanajiunga, ujue kuna chakula hapo chini na mara nyingi chakula chenyewe ni funza weupe. Wale wanene wamejikunja umbo la herufi C, kichwa cha kahawia, miguu sita mbele, mkiani wana rangi ya kijivujivu kwa sababu ya udongo walioumeza. Ndo watoto wa wale madundu wa kahawia wanaogonga taa za varanda mvua zikianza. Wengi hawaunganishi hivi vitu viwili, wanafagia madundu asubuhi wanatupa, miezi miwili mbele nyasi zinakauka wanaanza kulaumu maji ya bomba.

Mi niko Arusha, nina kieneo cha nyasi mbele ya nyumba na nyuma kuna mboga mboga, na hawa jamaa tumeishi nao muda sasa. Nimejaribu vingi, vingine vinafanya kazi vingine ni kelele za mtandaoni tu. Na shida kubwa ya mtandaoni ni kwamba ushauri karibu wote umeandikwa Marekani na Ulaya, wanakwambia piga Agosti mwishoni au Septemba. Sa Agosti huku ardhi imekauka, funza waliobaki wamezama chini kabisa au wameshageuka, utamwaga hela yako kwenye vumbi. Kalenda ya funza wetu ni mvua. Mvua za kwanza zinalainisha udongo, madundu wanatoka, wanapandana, jike anaingia ardhini sentimita chache anataga, na wanapenda sana sehemu yenye nyasi na unyevu. Baada ya wiki mbili tatu mayai yanaanguliwa, vitoto ni vidogo viko juu juu vinakula vimizizi laini. Hapo ndo wakati wa kuwawahi. Wakishakuwa wanene kama kidole ngozi imekomaa, wanakula mizizi kwa fujo na dawa nyingi za asili haziwagusi kihivyo. Mzunguko mzima kwa kawaida ni kama mwaka, ziko aina zinazokaa zaidi, kwa hiyo ukikosa dirisha la mvua hii jipange kwa inayofuata.

Sasa kabla hujanunua chochote, fukua. Chukua chepe, kata mraba wa nyasi kama sentimita 30 kwa 30, kata pande tatu ukunje upande wa nne, kama mizizi imeliwa hutahitaji hata nguvu, nyasi zinanyanyuka kama mkeka. Chambua udongo hadi kina cha sentimita kumi hivi na uhesabu. Fanya sehemu kadhaa, hasa mpakani, pale nyasi za kijani zinapokutana na zilizokauka, maana katikati ya baka kavu funza wameshamaliza chakula wakahama. Ukikuta watatu wanne kwenye mraba, achana nao, nyasi yenye afya inawabeba bila shida. Wakifika kumi na kuendelea hapo kuna kazi. Bustani ya mboga hesabu ni nyingine, funza mmoja chini ya mche wa nyanya au kabichi anatosha kuumaliza, na kwenye viazi wanatoboa mashimo makubwa kabisa hata sokoni huuzi.

Na usimsingizie funza kesi ya mwenzake. Kama miche imekatwa usiku pale shina linapogusa udongo imelala chini, huyo ni sota, ni kiwavi, chokonoa udongo kuzunguka mche asubuhi utamkuta amejikunja. Dawa yake rahisi ni kuuzungushia mche kikombe cha karatasi kilichokatwa kitako, ukizamishe kidogo chini. Funza mweupe hakati shina, anakula mizizi, mche unanyauka mchana jua likiwaka na ukiuvuta unatoka kirahisi hauna kitu chini. Na matuta ya udongo yaliyovimbavimba kwenye nyasi ni fuko, huyo anafuata mizizi na viazi vyake, ni mada nyingine kabisa.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, funza wa kwenye mboji si lazima awe adui. Mtoe mweke kwenye sakafu ya saruji umwangalie anavyotembea. Akigeuka chali akaanza kutembea kwa mgongo, miguu juu, huyo ni mtoto wa wale madundu wanaopenda maua na matunda yaliyoiva, kazi yake akiwa mtoto ni kula vilivyooza, anakusaidia kutengeneza mboji, mrudishe. Akilala ubavu akajikunja au akajikokota kwa miguu, huyo mpeleke kwa kuku. Nimeona mtu anamwagia dawa rundo zima la mboji nzuri kwa ajili ya hawa wa chali, inauma aisee.

Njia yangu ya kwanza kabisa ni kupunguza madundu kabla hawajataga. Wiki za mwanzo za mvua, jioni kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, weka beseni pana lenye maji na sabuni kidogo, juu yake ning'iniza taa, hata ya sola inatosha. Madundu wanakuja kwenye mwanga wanaangukia majini, sabuni inafanya wasielee. Asubuhi unamwaga. Kama unataka kuwapa kuku basi usiweke sabuni, weka beseni refu lenye kingo laini wasipande. Zima taa baada ya saa tatu nne maana ukiiacha usiku kucha unaua na nondo na wadudu wengine wasio na hatia. Beseni liwe mbali na nyasi, si katikati, maana sio wote wanaoanguka ndani, wengine wanatua jirani na wanataga hapo hapo. Kwa sababu hiyo hiyo taa kali nyeupe zinazomulika nyasi usiku mzima msimu huo ni kuwaita wageni. Zima, au weka balbu ya njano.

Kuku ndo silaha ya mboga mboga. Kabla ya kupanda, lima tuta, geuza udongo vizuri, liache wazi siku kadhaa na ufungulie kuku wa kienyeji. Jua, kuku na yangeyange wanafanya kazi ambayo hamna dawa ya dukani inaifikia kwa bei hiyo. Ila kuku hawana adabu, miche ikishapandwa wazuie. Kwenye nyasi wafungie ndani ya tenga au kawavu juu ya baka lililoathirika kwa muda mfupi halafu wahamishe, ukiwaacha huru wiki nzima watakutengenezea uwanja wa vumbi. Na wale kwarara usiwafukuze jamani, vishimo wanavyotoboa vinaziba vyenyewe.

Halafu samadi. Hapa watu wengi ndo wanapojiletea funza na gari juu. Samadi mbichi au iliyokaa rundo moja bila kugeuzwa mara nyingi imejaa mayai na funza, unaipakia, unaimwaga bustanini, umewapanda mwenyewe. Iozeshe kwanza: changanya na majani makavu, lowanisha, rundo liwe na kimo cha kutosha lipate joto, kati ya nyuzi 55 na 65 ndani hamna funza anayebaki. Unajua limechemka ukichoma fimbo katikati, ukiitoa ni ya moto hutaki kuishika. Lakini pembeni hakuchemki na funza wanajua kukimbilia pembeni, kwa hiyo geuza mara kwa mara, ya nje iingie ndani. Ukinunua ya kwenye viroba, mwaga kiroba kimoja chini uchambue kabla hujalipia vilivyobaki, muuzaji atakununia, poa tu.

Mwarobaini unafanya kazi, ila sio kwa jinsi wengi wanavyoutumia. Nguvu iko kwenye mbegu kuliko majani, na haiui papo hapo, inavuruga ukuaji, funza anashindwa kujivua ngozi na hamu ya kula inapungua. Ndo maana inafaa kwa wadogo. Mbegu zikaushe kivulini, toa ganda, twanga, gramu 50 za unga kwa lita 1 ya maji, yaani kilo moja kwa ndoo ya lita 20, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, mwagilia jioni inayofuata kwenye udongo ambao umeshaulowanisha. Jua linaiharibu haraka kwa hiyo ukimwaga mchana umepoteza, na usiitunze wiki nzima kwenye dumu. Huku kwetu juu kwenye baridi miti yake si mingi, ukiwa na ndugu Same, Dodoma au pwani mwambie akuokotee mbegu msimu wake. Mashudu yake baada ya kukamua mafuta ni mazuri zaidi kwa mboga, unachanganya na udongo wakati wa kutengeneza tuta.

Sasa tuje kwenye hivi vya kisasa, viumbe vinavyoua funza. Kuna minyoo midogo sana isiyoonekana kwa macho, usichanganye na minyoo fundo inayoharibu mizizi ya nyanya, hii ni ndugu mwingine. Kwa funza weupe ile inayotajwa sana ni Heterorhabditis bacteriophora, nakuandikia jina lenyewe kwa sababu ndo utakaloliona kwenye pakiti. Inaingia mwilini mwa funza, inatapika bakteria inayobeba, funza anakufa ndani ya siku chache na anageuka rangi nyekundu ya tofali, halafu minyoo inazaliana humo inatoka kutafuta wengine. Cha kuchekesha hao bakteria wanatoa mwanga hafifu, funza aliyekufa anaweza kung'aa kidogo gizani. Lakini kumbuka umenunua kiumbe hai. Angalia tarehe, iwe imehifadhiwa kwenye friji, usiiache kwenye gari juani, toa kichujio chembamba kwenye bomba la kupulizia, lowanisha nyasi kwanza, puliza jioni, mwagilia tena iingie chini, na udongo usikauke kama wiki mbili. Ukishindwa hilo la maji usinunue.

Kuna na kuvu, Metarhizium anisopliae, funza aliyeshambuliwa anakauka na kuota unga wa kijani. Hii sio mambo ya jana, Mrusi Metchnikoff aliijaribu kwa madundu wa ngano kule Odessa mwaka 1879. Na hapa jirani Nairobi, ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu, wamefanya kazi kubwa sana ya kuvu hii kwa wadudu mbalimbali. Inakwenda taratibu, usitegemee muujiza wa wiki moja, na angalia lebo inasema ni ya mdudu gani maana aina ya kuvu iliyotengenezwa kwa vithiripi, vile vidudu vidogo vya kwenye majani na maua, si lazima imshike funza wa ardhini. Kama uko Tanzania na hujui kipi kimesajiliwa waulize TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wale zamani tuliwaita TPRI pale Ngaramtoni, usajili wa viuatilifu ni kazi yao.

Usichonunua ni ule unga wa bakteria unaosifiwa kwenye video za Marekani, milky spore. Ni kitu cha kweli, ila kinamshika dundu wa Kijapani, aliyeonekana mara ya kwanza kule New Jersey mwaka 1916 akawasumbua Wamarekani mpaka leo. Huyo hatuna. Madundu wetu ni aina nyingine, hata wale wanaosumbua miwa ya kampuni ya sukari ya TPC kule Arusha Chini ni wa kwetu wenyewe, jina lao la kitaalamu Cochliotis. Unaagiza mzigo, unalipia ushuru, kumbe umenunua dawa ya ugonjwa wa jirani wa mbali.

Na asili haina maana ya salama. Maji ya tumbaku yanaua wadudu kweli, ila nikotini inapenya hata kwenye ngozi yako, na tumbaku inaweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya. Utupa, ule mmea wa kuvulia samaki, unaua samaki, kama mfereji wako unaishia mtoni usithubutu. Chumvi inaua nyasi na udongo. Oili chafu sitaki hata kuiongelea. Majivu kidogo hayana ubaya kwenye mboga lakini sijawahi kuona funza aliyehama kwa ajili ya majivu.

Kwa nyasi zenyewe, usikate kipara. Wengi wanawaambia vijana wa bustani wakate chini kabisa ili ikae muda mrefu bila kukatwa tena, mizizi inakuwa mifupi, funza wachache tu wanaimaliza. Acha sentimita tano sita. Mwagilia mara chache lakini maji yaingie chini, sio kunyunyiza kila jioni juu juu, unyevu wa juu wa kila siku ndo kitanda cha mayai. Baka lililokufa, lifukue, ondoa funza kwa mkono, tifua, ongeza mboji iliyoiva, chomeka vipando umbali wa kiganja. Nyasi ya Kikuyu inaziba haraka, Pemba inachelewa kidogo ila kivulini inavumilia. Fanya hivyo mvua zikiwa bado zipo, na wiki tatu hivi baada ya mvua za vuli kuanza fukua tena miraba miwili mitatu mahali pale pale, hata kama juu panaonekana pa kijani.