Usimlipe huyo mkufunzi wa mitungi. Vijana waanzie kwenye majivu

Mkuu, kama hela bado iko mkononi, ishike. Usimtumie huyo mtu hata senti.

Nimesoma ulichoandika mara mbili. Kijiji chenu kiko pembezoni huko Kongwa, moto wa mwaka jana umekula mazizi na mabua ya mifugo, mmechangishana milioni tatu na mnataka vijana ishirini wa kujitolea wafundishwe kuzima moto. Mkufunzi kutoka mjini kawapa bei ya siku mbili: mitungi kumi ya poda ya kuzimia moto, vizibao vya reflekta, vyeti. Unauliza vijana ishirini wanatosha au la, posho iwe kiasi gani, vyeti vinatambulika wapi, barua mwandikie nani. Nilipofika kwenye mitungi kumi mwili ulinisisimka. Orodha hiyo hiyo niliisaini mimi, nikiwa katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji chetu huku Chemba.

Wetu alikuja na pipa lililokatwa nusu. Akaliweka katikati ya uwanja wa mpira, akamimina petroli, akawasha. Kijana mmoja mmoja anakuja, anachomoa pini, anageuzia upepo mgongo, anapulizia chini ya mwali, moto unakufa, watu wanapiga makofi. Picha zikapigwa. Moto ulipozimika aliongeza petroli nyingine humo humo kwenye pipa la moto, mvuke ukashika, mwali ukampita usoni kidogo tu. Sisi tukacheka naye. Watu wa nchi hii, tuliosikia ya Msamvu pale Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu mia moja wakafa kwa petroli ya lori lililopinduka, bado tulisimama mita tatu kutoka kwenye pipa lile na watoto wetu mabegani. Hapo tu ilitosha kumwambia afungashe aondoke.

Lakini petroli sio iliyotuumiza. Kilichotuumiza ni kile vijana walichojifunza bila mtu kukisema: kwamba moto husimama mahali pamoja ukakusubiri. Moto wa pipa umesimama. Moto wa nyasi unatembea, na una kichwa, yaani mbele unakoelekea, mbavu za pembeni, na mkia, kule nyuma ulikoanzia. Yule bwana siku zote mbili hakutaja hata kimoja. Hakuuliza mlima wetu uko upande gani. Hakuuliza Septemba upepo unatoka wapi, wakati mtoto yeyote wa Dodoma anayechunga mbuzi anajua kwamba kiangazi unavuma kutoka mashariki na ikifika mchana unakuwa mkali.

Moto wenyewe ulikuja wiki ya pili ya Septemba, saa tisa alasiri. Mrina asali aliacha mwenge kwenye shina la mti, chini ya kilima. Filimbi ikapigwa, vijana wakavaa vizibao, wakabeba mitungi begani na kukimbia. Wakapanda juu. Walitaka kuukabili uso kwa uso kama kwenye pipa, wakajipanga mstari kwenye nyasi kavu za kiunoni, moto uko chini yao, upepo unaupandisha.

Mkuu, moto unaopanda mlima sio moto wa tambarare. Mwali unalalia nyasi za mbele, unazikausha na kuzipasha kabla haujazifikia, kwa hiyo unaruka. Mwinuko ukiongezeka nyuzi 10 hivi, kasi yake inakaribia kuwa mara mbili. Vijana waliuona uko mbali, wakasema tusubiri ukaribie mitungi iufikie. Mtungi wa kilo sita haumalizi nusu dakika. Walipofungulia, poda ilipeperushwa na upepo ikawarudia machoni, na nyuma yao kulikuwa na nyasi tupu hadi kileleni. Hawakuwa na mahali pa kukimbilia palipokwisha kuungua.

Kumi na tisa walitoka kwa kupita kwenye korongo la pembeni. Mmoja alijikwaa kwenye kisiki. Nilikuwa wa kwanza kumfikia, na kitu ambacho sitakisahau ni kile kizibao. Ule utepe unaong'aa ulikuwa umeyeyuka begani, umegandana na ngozi, na kila nilipojaribu kuuvuta alikuwa ananishika mkono kunizuia. Ni plastiki ile. Ingekuwa shati la pamba, hata kaniki ya mama yake, ingeungua ikaanguka. Wakati tunatafuta pikipiki mtu akaja na dawa ya meno ampake, na mimi niliyekuwa na cheti cha siku mbili mfukoni sikujua kumzuia. Maji safi ya kawaida yamiminwe juu ya jeraha dakika ishirini, hakuna kingine cha kupaka, hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya kuungua. Haikutajwa kwenye mafunzo. Kijana alilazwa wiki saba, wakamhamishia ngozi kutoka pajani. Mkono wake wa kushoto haunyooki hadi leo, na kila nikikutana na mama yake kisimani ni mimi ninayeanza kusalimia, naye anaitikia vizuri, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Moto ulizimwa na mzee mmoja mfugaji. Hakuwa na cheti. Aliwakusanya vijana waliotoka korongoni wakiwa wanatetemeka, akawashusha chini kabisa kule moto ulikoanzia, kwenye mkia, ambako nyasi zilishakuwa majivu. Akawakatia matawi mabichi ya mwarobaini. Akawaambia, "Wanangu, simameni palipoungua. Palipoungua hapaungui tena." Wakaanza kuupiga ubavu, mguu mmoja kwenye majivu, mmoja kwenye nyasi, wakipanda polepole nao, upande huu kundi moja na upande ule kundi lingine, wanaubana. Wanaopiga mbele, nyuma yao mwenye jembe anafukia vinavyofuka, nyuma kabisa mwenye bomba la mgongoni la kupulizia dawa zabibu anamalizia vigogo. Kufikia magharibi upepo ulipotulia waliukuta kichwani umeshakuwa mwembamba, wakaufunga.

Kwa hiyo kanuni yetu sasa ni hii, na kijana asiyeishika haruhusiwi kwenda hata kama ni mtoto wa mwenyekiti: huingii kwenye moto mpaka mguu wako mmoja uko kwenye majivu. Huanzii mbele yake, huanzii juu yake. Unaanzia kule moto ulikokwisha kupita, unafuata ubavu, na majivu ndiyo mlango wako wa kutokea.

Hii inafundishika bila kiberiti. Tunachukua majivu ya jikoni, madebe mawili, tunachora mstari uwanjani uliojipinda kama moto ulivyo. Vijana wanafanya kazi kando yake na matawi. Mtu mmoja anasimama pembeni na filimbi, kazi yake ni kuangalia upepo na vumbi tu, hashiki tawi. Akipiga, wote wawe ndani ya majivu kabla hajahesabu kumi. Mara ya kwanza saba walikimbilia upande wa nyasi. Saba! Watu wale wale waliotoka korongoni. Tulirudia kila Jumamosi mwezi mzima hadi miguu ikajua yenyewe. Baada ya hapo ndipo tulifanya kwa moto wa kweli, mwezi wa sita nyasi hazijakauka sana, alfajiri, kipande kidogo kilichofyekwa pembeni pote, kwa kibali, maana Sheria ya Misitu ya 2002 haimruhusu mtu kuchoma nyika anavyotaka.

Vifaa: majembe na mafyekeo mnayo. Nunueni mabomba ya mgongoni mawili matatu na myaoshe vizuri, maana mabaki ya dawa yakipulizwa kwenye joto mtayavuta wenyewe. Buti, shati la pamba mikono mirefu, maji ya kunywa. Mtungi mmoja wa poda uwekeni kwenye mashine ya kusaga, huko una kazi. Vizibao vya reflekta waachieni bodaboda.

Barua iandikeni kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wilayani, ombeni askari wao aje, na moto ukitokea pigeni 114 hata kama mnajua gari liko mbali, pigeni kwanza ndipo mkimbie. Posho na vyeti wadau wengine watakujibu.

Ila huyo mtu akija, muulize swali moja tu kabla hujafungua pochi: kijana wangu akiwa kwenye kilima na upepo ukageuka, anakimbilia wapi? Akianza kukuonyesha pini ya mtungi, msindikize stendi.

Mkikubali, Jumamosi yoyote mwezi huu nakuja huko Kongwa, nauli najitegemea, na yule mzee kaniambia atakuja pia kama kuna mtu wa kumwangalizia ng'ombe. Nyinyi tayarisheni majivu tu, madebe mawili yaliyopoa.