Usisubiri moyo uwake ndipo urudi

Mwaka juzi mdogo wangu aliniomba niwe msimamizi wa ubatizo wa mwanawe. Nilifurahi sana. Tukanunua kitenge cha kufanana, kisha nikaenda ofisi ya usharika wetu kuomba barua ya kunitambulisha, kwa kuwa mtoto angebatizwa usharika mwingine. Karani akaniuliza namba ya bahasha yangu ya sadaka. Nikaitaja bila kufikiri, kama mtu anavyotaja namba yake ya simu. Akapekua daftari, akarudi nyuma, akapekua tena, halafu akaligeuza upande wangu nijionee. Mstari wenye jina langu ulikuwa na sadaka hadi mwezi wa tisa, miaka minne nyuma. Kuanzia hapo ni visanduku vitupu, ukurasa kwa ukurasa.

"Dada, huyu mtu alihama?" akauliza.

Sikuwa nimehama. Nyumbani kwangu na kanisani ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, na kengele ya ibada ya kwanza huwa naisikia nikiwa kitandani. Barua sikupewa. Niliambiwa nikaanzie kwa mzee wa kanisa wa jumuiya yangu, ambaye sura yake sikuijua. Nilitoka pale na hasira ya kuhesabiwa bahasha, na hata leo naamini mtu aliyepotea miaka minne alistahili kutembelewa kabla ya kuulizwa namba. Lakini lile swali la karani lilinifuata hadi nyumbani, likalala nami.

Naandika haya kwa ajili yako uliyepoa. Huenda hukumkana Mungu, wala hukubadili dini. Ukiulizwa kwenye fomu unajaza "Mkristo", na kwenye msiba unasimama na kuimba pambio zote bila kukosea neno. Ila ukiwa peke yako usiku, unajua kwamba wewe na Mungu hamjazungumza siku nyingi.

Mimi nilikulia Kagera, nikapata kipaimara nikiwa na miaka kumi na minne, nikaimba kwaya ya vijana hadi nilipokuja Dar es Salaam kutafuta kazi. Nikaajiriwa uhasibu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Mara moja kwa mwezi tulihesabu mzigo ghalani siku ya Jumapili, kwa sababu siku hiyo hakuna wateja. Baadaye ikawa mara mbili. Jumapili zilizobaki nikawa nafua, huku nikisikiliza mahubiri kwenye simu. Baadaye nikafua bila mahubiri. Sala ya asubuhi ikawa ya kwenye daladala, na ya kwenye daladala ikawa maneno mawili, "Mungu nisaidie." Hayo mawili nayo yalikoma lini, sikumbuki. Ndiyo maana nasema sikuondoka kwa Mungu siku fulani.

Kwenye Ufunuo, kitabu cha mwisho cha Biblia, zipo barua saba kwa makanisa saba, na ya kwanza ilipelekwa Efeso. Mji huo leo ni magofu, karibu na mji wa Selçuk nchini Uturuki. Efeso ilikuwa mji wa bandari, meli zikitia nanga karibu kabisa na mitaa yake. Mto uliomwaga maji hapo uliteremsha matope mwaka hadi mwaka, karne hadi karne, na bandari ikajaa. Bahari ikasogezwa kidogo kidogo, na leo iko kilomita kadhaa kutoka kwenye yale magofu. Kila nikisoma lawama ya barua ile, "umeuacha upendo wako wa kwanza", naifikiria ile bandari. Mvuvi wa pale hakuamka asubuhi moja akakuta maji yamekwenda. Aliona tu kina kimepungua kidogo kuliko cha babu yake.

Tena angalia, kabla ya lawama kanisa lile linasifiwa: "Nayajua matendo yako, na taabu yako, na subira yako." Hawa walikuwa watu wa kazi, tena waliwapima waliojiita mitume wakawatambua kuwa waongo. Kwa hiyo usidhani mtu hupoa akiwa nje tu. Nimeshazungumza na watu watatu wanaosimama mbele kila Jumapili, mmoja mwenye sauti nzuri kweli ya kuongoza nyimbo, wakaniambia kwa siri kwamba ndani ni pakavu.

Kwa muda mrefu niliamini kazi ndiyo iliyonitenga na Mungu. Ni sababu yenye heshima, mtu hawezi kukulaumu sana ukiitaja. Ukweli ulitoka nilipokwenda kwa yule mzee wa kanisa.

Kumbe ni mama wa makamo, anakaanga maandazi barazani kwake. Nilikuwa nimeandaa maelezo yote ya ghala na Jumapili. Akanipa kigoda, akanisalimu kama watu wazima wanavyosalimu: hamjambo nyumbani, watoto hawajambo, mama hajambo huko kijijini? Nikasema mama alifariki. Halafu nikashindwa kuendelea. Mama aliugua miaka miwili. Katika miaka hiyo miwili niliomba kuliko nilivyowahi kuomba maishani mwangu. Nilifunga. Hadi kwa mtumishi mmoja wa mtaa wa mbali nilikwenda, nikanunua mafuta ya upako kwa pesa niliyokopa kazini, nikayatuma kwa basi. Mama akafa mwezi wa nane. Sadaka yangu ya mwisho katika daftari ni ya mwezi wa tisa. Mwaka mzima nilifanya hesabu za watu, na tarehe zangu mwenyewe sikuwahi kuziweka pamoja.

Nikamwambia yule mama, nikilia mbele ya karai la mafuta: niliomba, Mungu hakunijibu, nami nikaacha kumsemesha. Hakunihubiria. Alisema "Pole, mwanangu," akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Haya uliyoniambia mimi, Yeye umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mtu wa uamsho. Ule uamsho ulianzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, ukaingia kwetu Bukoba, ukafika hadi Kenya. Wenyewe waliitana ndugu, na neno lao kubwa lilikuwa kutembea nuruni. Maana yake ilikuwa moja: unayoyaficha, yaseme mbele za Mungu na mbele ya mwenzako. Bibi aliweza kusimama katikati ya ushirika akasema, "Jana nilimchukia mke mwenza wa jirani kwa sababu ya ndizi," akaomba msamaha, wakaimba, akakaa. Nikiwa mtoto niliona aibu kwa niaba yake. Sikuelewa kwamba ndiyo maana alikuwa akilala usingizi mzuri.

Nilipoirudia ile barua ya Efeso nikiwa mtu mzima, nilishikwa na maagizo yake: "Basi, kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza." Hakuambiwa mtu aamshe hisia za kwanza. Ameambiwa afanye. Nikajiuliza, matendo ya kwanza ya Waefeso yalikuwa yapi? Yameandikwa, Matendo ya Mitume sura ya 19. Paulo alifundisha pale miaka miwili katika darasa la mtu aitwaye Tirano, na wengi walioamini wakaja wakaungama, wakidhihirisha matendo yao. Waliokuwa wachawi wakaleta vitabu vyao wakavichoma hadharani, thamani yake ikahesabiwa vipande 50,000 vya fedha. Kanisa lile lilianza kwa watu kusema ukweli juu ya nafsi zao. Bibi yangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alikuwa ameielewa barua hiyo kuliko mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama huna muda chukua huu peke yake: tafuta mtu mmoja umwambie ukweli wote. Awe mtu mmoja, mzima wa imani, mwenye kifua. Hata mchungaji ukimwamini. Usianze na kundi la WhatsApp wala na ushuhuda madhabahuni. Halafu yale yale uliyomwambia, mwambie Mungu kwa maneno hayo hayo, usiyapake sukari. Mimi usiku ule niliomba kwa Kihaya. Kwa Kiswahili nina maneno mengi ya kanisani yaliyokwisha kupangwa, "Baba mwema, tunalisifu jina lako," yanatoka yenyewe na mimi nimejificha nyuma yake. Kwa Kihaya sina pa kujificha, ni lugha niliyolilia nayo utotoni. Jaribu lugha ya mama yako. Hata kama ni Kiswahili, omba kwa kile cha jikoni.

Kisha nikafungua Zaburi 13. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Ina mistari sita tu, na ile ya mwisho inageuka kuwa sifa. Sikufika huko. Wiki tatu nilikomea mstari wa pili, kwa sababu zaidi ya hapo ningekuwa nadanganya. Kama uko hapo, komea hapo bila hofu. Aliyeweka maneno hayo ndani ya Biblia alijua kuna watu watayahitaji.

Jumapili iliyofuata nilikwenda ibada ya kwanza, nikakaa kiti cha karibu na mlango. Nitakueleza kwa uaminifu: sikusikia chochote. Tulipofika kwenye toba niliisoma kama ninavyosoma risiti. Mchungaji akatangaza msamaha, nami nikawa natazama feni. Nikarudi wiki ya pili, ikawa hivyo hivyo. Wengi hukata tamaa hapa, wakisema Mungu hanitaki tena au nimekuwa mnafiki. Siyo unafiki kuingia jikoni kupika ukiwa huna njaa, watoto watakula na wewe utaonja. Yule baba mwenye mtoto mgonjwa kwenye Marko 9 alipaza sauti, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mtoto wake akaponywa siku hiyo hiyo, imani ikiwa nusu. Na Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, kwenye ile ya kwanza ya hoja zake 95 za mwaka 1517, alisema Bwana alipoagiza tutubu alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Kama ni maisha yote, basi Jumapili moja iliyo baridi haijaharibu kitu.

Ilinichukua hadi Jumapili ya tano. Tulipiga magoti kwenye Meza ya Bwana, mchungaji akafika kwangu akasema maneno yale, "uliotolewa kwa ajili yako", nikasikia "yako". Basi. Sikuanguka wala sikutetemeka. Nilirudi kwenye kiti changu na mate yakiwa na ladha ya divai, nikajua nimeketi mahali pangu.

Kusoma Neno, anza kidogo kabisa. Niliwahi kujiwekea mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka. Ina sura 1,189, ni zaidi ya tatu kila siku, nikazama kwenye Walawi nikaona aibu nikafunga kitabu. Safari hii nilisoma Marko, sura moja kwa siku kabla ya kushika simu. Ni sura 16, kwa hiyo siku kumi na sita umemaliza na umemwona Yesu akitembea tangu Yordani hadi kaburini. Nikaimaliza nikaanza tena.

Usiende kutafuta moto mahali wanapouza moto. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu deni la yale mafuta nililipa miezi mitano. Mtu anayerudi kwa Mungu huwa na njaa na hatia kwa pamoja, na wapo wanaoijua hali hiyo vizuri. Ukiambiwa mlango wako utafunguka ukitoa kiasi fulani, ondoka. Yule baba wa Luka 15 alimwona mwanawe "alipokuwa angali mbali", akaenda mbio akamwangukia shingoni, akambusu sana. Hotuba ambayo kijana aliiandaa njiani hata hakuachwa aimalize.

Na jambo lingine ambalo watu wa kanisani tunachelewa kulisema. Kama huombi, lakini pia huli, hulali, na huoni sababu ya kuamka, nenda hospitali. Inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Nabii Elia alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, na Mungu hakumkemea. Malaika alimgusa akamwambia ale. Kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo akaianza safari ya kwenda kuisikia ile sauti mlimani.

Barua niliipata. Yule mama wa maandazi alikwenda nami ofisini mwenyewe, akasimama pembeni yangu na kanga yake yenye unga. Mtoto alibatizwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, akalia kanisa zima likacheka, nami nikaahidi mbele ya watu kumfundisha kuomba.

Kwa nini mama hakupona, sijajibiwa. Nimeuliza tena jana.

Jumamosi hii jumuiya inakutana kwangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimeazima mikeka miwili, na maandazi yatatoka kule kule. Mwenye nyumba ndiye anayechagua neno la kusoma, na nimechagua Zaburi 13. Katika jumuiya yetu yupo baba aliyezika mtoto mwezi uliopita. Nimemwomba asome yeye, na nikamwambia kwamba akitaka kuishia mstari wa pili, tutamngoja hapo.