Jibu: Hesabu za samaki hazilingani, nitupe dodoso?

Mdogo wangu, usizitupe dodoso zako. Umeuliza kwa nini kilo wanazokutajia wavuvi hazilingani na za mzani. Hawakudanganyi. Mimi niliwahi kukaa kwenye diko moja, pale wavuvi wanaposhusha samaki, upande wa Mtongwe, Mombasa, kalamu mkononi, na wiki nzima nilidhani mzani ndio ukweli. Siku moja nikamwona baharia akishuka na utungo wa samaki, changu na tafi, kama saba hivi, umepitishwa ukuti kwenye mashavu. Akapita mzanini moja kwa moja. Kile ni kitoweo cha nyumbani. Tajiri mwenye chombo hakipimi, mchuuzi hakinunui, lakini kimevuliwa! Kwa hivyo mzani unapunja, na mvuvi akihesabu kitoweo chake yuko sawa.

Halafu kuna maji. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukipevuka; maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, huja katikati yake, na mikondo ikibadilika hubadilika pia nani anatoka na kwa mtego gani. Ukikusanya wiki moja tu ya Julai, upepo wa kusi umechacha na mitumbwi midogo imejibana kwenye maji ya ndani ya mwamba wa matumbawe, umepima upepo zaidi kuliko samaki.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, kibebe, ila mwone kwanza mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, na uende siku mbili tatu bila karatasi, usaidie kuvuta chombo. Kina mama karanga, wanaonunua samaki na kuwakaanga wauze, nao waulize, wanajua kilichoingia. Na kwenye kila dodoso andika tarehe ya Kiislamu kando. Kwa kuwa hufuata mwezi, itakuonyesha maji yalikuwaje siku hiyo.