Maswali ya Wasomaji: Ndege wa Mwambao wa Norfolk

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Ujiji, Kigoma, na jioni nyingi hukaa ufukweni Kibirizi nikitazama ndege kwa darubini. Binti yangu anayesoma Norwich, Uingereza, amenialika kwake kwa wiki mbili za likizo yake ya majira ya machipuo, mwezi wa Aprili. Nijiandae vipi kutazama ndege wa pwani ya huko, na je, kuna hata mmoja nitakayemfahamu?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nianze na jambo ambalo ziwa letu haliwezi kukufundisha. Maji ya Tanganyika huongezeka na kupungua kwa misimu, lakini bahari ya huko hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mwambao wa Norfolk, jimbo ulipo mji wa Norwich, ni tambarare, maji yakipwa huacha tope tupu linaloenea mbali sana. Mara ya kwanza nilipofika kwenye ghuba ya Wash niliamka alfajiri, kama tulivyozoea, nikakuta maji yamekwenda zake na ndege wameufuata ukingo wake, wakionekana kama punje za ulezi zilizomwagika mkekani. Sikumtambua hata mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jua linachomoza lini, ulizia maji yanajaa lini, kisha uwahi kwa muda wa saa mbili hivi, ili maji yanapopanda yawasogeze ndege kuelekea ulipokaa. Kesho yake ongeza dakika 50 hivi. Angalia pia kama jedwali la maji limeandikwa kwa saa za Greenwich. Ikiwa ndivyo, mwezi wa Aprili utaongeza saa moja, kwa sababu Waingereza husogeza saa zao mbele mwishoni mwa Machi.

Ndege unaowafahamu utawakuta. Kitwitwi yule mdogo, mwenye tumbo jeupe, anayetikisatikisa mkia bila kuchoka juu ya mawe ya Kibirizi, huondoka kwetu wakati huohuo wa Aprili kwenda kuzaliana kaskazini, na baadhi yao hupumzika Norfolk njiani. Mbayuwayu naye atakuwa ameanza kufika, ingawa wale wa Uingereza wengi wao hutokea Afrika Kusini, kwa hiyo usidai kwamba ni yuleyule wa nyaya za umeme za Ujiji. Wa kumtafuta hasa ni yule ambaye Waingereza humwita ruff. Katika maeneo oevu ya Tanzania huvaa kahawia iliyofifia, nasi humpita bila kumjali. Huko dume huota ukosi mpana wa manyoya shingoni, mweusi, mweupe au wa rangi ya kutu, akawa kama bwana harusi.

Panda treni ya Norwich hadi Sheringham, kisha basi la kuelekea magharibi hadi Cley, ambako mabwawa yamehifadhiwa kwa ajili ya ndege tangu mwaka 1926 na kuna vibanda vya kutazamia vinavyokinga upepo. Hapo keti umtazame avocet, ndege mweupe mwenye mabaka meusi, anayefagia maji kushoto na kulia kwa mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu. Alikuwa ameacha kabisa kuzaliana Uingereza hadi aliporejea mwaka 1947.

Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha: hukuza mara nane, na lenzi zake za milimita 42 hupokea mwanga wa kutosha hata kukiwa na mawingu. Koti zito ni la lazima, kwani upepo wa Bahari ya Kaskazini hauheshimu kalenda ya machipuo.

Ukikuta kamba imezungushwa juu ya changarawe, usiivuke hata kama huoni kitu ndani, kwa sababu kuna ndege wanaotaga hapo chini, pasipo kiota cha kuonekana, mayai yenye madoa yasiyotofautiana na kokoto, nawe utayatambua tu yakishapasuka chini ya kiatu.