Gari la zamani Mombasa: kagua bati kabla ya injini

Barza zetu za magari hapa Mombasa hazina mada nyengine ila injini. Kaa jioni pale Lighthouse na sahani ya mihogo ya pilipili na ndimu, utazisikia sifa za Datsun 240Z na injini yake ya L24, silinda 6 kwenye mstari mmoja, cc 2393, iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa mbio za magari za Safari Rally za 1971 na Shekhar Mehta za 1973. Hajamaliza huyo, mwengine kashaingilia na Peugeot 404: ilishinda 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, Nick Nowicki na Bert Shankland wakipokezana. Mimi mwenyewe naweza kubishana mpaka kahawa ipoe. Lakini ukinijia pembeni uniambie unataka kununua gari la aina hiyo na kuliweka huku pwani, nitakwambia injini iwe swali la tatu. La kwanza ni bati, la pili ni karatasi.

Injini ikifa hufufuliwa. Silinda huchongwa, pistoni na rinji huagizwa, krenki hupigwa msasa, na mafundi wa kazi hiyo tunao. Bati lililoliwa na chumvi ni balaa jengine. Upepo wa kusi unaposhika, chumvi ya bahari inaingia hata kwenye magari yaliyofunikwa turubai, na inajificha mahali maji yanapotuama. Muuzaji naye anajua: pati kidogo ya kuzibia palipooza, rangi mpya, gari linang'aa kama sufuria ya arusi.

Kwa hivyo nenda na sumaku ndogo, ile ya spika iliyoharibika inatosha. Ifunge kitambaa isikwaruze rangi, kisha ipitishe taratibu chini ya milango, nyuma ya magurudumu na ukingoni mwa kioo cha mbele. Inaposhika, kuna chuma. Inapoteleza ikaanguka mkononi mwako, hapo unanunua pati. Halafu inua zulia miguuni pa dereva ubonyeze sakafu kwa kidole gumba. Fungua boneti utazame shokomzoba za mbele zinaposhikilia bodi. Hapo pakiwa pameoza, hata ukipewa bure kataa. Kwenye 240Z anzia chini ya betri, maana asidi iliyodondoka miaka yote hiyo hula bati la pale kabla ya kwengine kote.

Karatasi sasa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hivyo gari la zamani utakalouziwa, aghlabu limekuwa nchini tangu enzi za namba zisizo na herufi ya mwisho. Maana yake ni kwamba logbuku huenda ina jina la mtu aliyekwisha fariki. Warithi wasipokuwa na hati za mirathi za mahakama, usitoe pesa, hata wakuapie vipi. Namba ya chasisi isome mwenyewe kwenye chuma, si kwenye picha ya simu.

Utaambiwa pia, "Hili, ami, lilikimbia Safari." Huenda ni kweli. Volvo PV544 aliyoshinda nayo Joginder Singh mwaka 1965 ilikuwa imeshatumika mashindanoni kabla hajaipata. Ila magari yaliyokimbia huacha alama: matundu ya vyuma vya kinga ndani ya bodi, kulehemu kwa ziada kwenye maungio, mahali palipofungwa bamba la kukinga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Usipoziona, lipia gari, hadithi mwachie mwenyewe.

Tukifika kwenye injini, ushauri wangu utawaudhi wengine: usitafute iliyotengenezwa kwa mashindano. Kemshafti, ule mtaimbo unaofungua vavu, ikiwa ya mbio huacha vavu za kuingiza na za kutoa wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi. Kwenye mwendo mkali ni raha tupu. Kwenye foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, gari linatetemeka, plagi zinashika masizi, na feni inayozungushwa kwa mkanda wa injini inakwenda pole huku rediyeta ikichemka. Kemshafti ya kawaida, kabureta zilizosawazishwa vizuri na feni ya umeme ya kusaidia, basi. Kama injini ina hedi ya chuma cha kalibu, kama zile za Ford Escort za kawaida, uliza siti za vavu, pale vavu zinapokalia, zimebadilishwa kuwa ngumu au la. Madini ya risasi yaliyokuwa yakizikinga yalishaondolewa kwenye petroli.

Na wale mnaomezea mate Mazda za rotari: injini hiyo haina pistoni, ina rota ya pembe tatu inayozunguka. Fundi akikwambia mbovu kwa sababu inakula oili, mwambie ndivyo ilivyoundwa. Oili inaingizwa kusudi kulainisha sili za ncha za rota. Kinachoiua ni joto. Pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya injini, kwa kifaa chake maalumu, kinachoonyesha kila upande wa rota, kabla hamjazungumza bei. Na usiiwashe ikiwa baridi uisogeze hatua mbili kisha uizime, petroli itafurika ndani na itakataa kuwaka.

La mwisho ni pa kuoshea. Watu wanalipa wapigiwe maji chini ya gari kuondoa chumvi, na maji yenyewe ni ya kisima. Visima vingi huku vina maji ya chumvi. Waulize waoshaji maji yanatoka wapi, na ukiona wanababaika, chovya kidole uonje.