Barabara moja inatosha: jibu langu kuhusu mlima na njia ya miguu

Swali la juma hili linauliza iwapo mlima wenye msitu, uliokwisha kupitiwa na njia ndefu ya waendao kwa miguu, ujengewe pia barabara ya magari ili kila mtu aufikie. Mimi nasema barabara moja, tena inayokomea chini ya kilele, inatosha. Mfano wangu ni Kuwohi, katika Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains nchini Marekani, mlima ambao ramani za serikali ziliuita Clingmans Dome hadi mwaka 2024, uliporudishiwa jina lake la Kicherokee kwa ombi la Wacherokee wenyewe, wenyeji wa asili wa milima hiyo.

Mlima huo wenye kimo cha mita 2,025 uko mpakani mwa Tennessee na North Carolina, na ndio mahali pa juu kabisa katika Njia ya Appalachian, ile njia ya miguu ya takriban kilomita 3,500 inayoanzia Georgia na kuishia Maine. Barabara ya lami ya kilomita 11 hupanda hadi karibu na kilele, na anayeshuka garini hubakiwa na mwendo mfupi wenye mwinamo mkali hadi kwenye mnara wa saruji uliojengwa mwaka 1959. Silaumu jambo hilo, kwa kuwa wazee na watoto wadogo nao wana haki ya kuuona msitu ule. Isitoshe, barabara hufungwa kwa magari tangu Desemba hadi mwisho wa Machi, na mlima hupata kutulia.

Hata hivyo, aendaye kwa miguu juu ya mgongo wa milima, akifuata alama nyeupe zilizopakwa kwenye mashina ya miti, huuona msitu ukibadilika hatua kwa hatua, kutoka miti inayopukutisha majani hadi miti ya jamii ya misonobari iliyofunikwa na ukungu na kuvumwani. Huko hukuta mashina makavu yaliyosimama wima, mabaki ya miti iitwayo Fraser, ambayo kwa asili humea katika milima ya kusini mwa Appalachian peke yake, na ambayo wadudu wadogo mno waliotoka Ulaya waliiua karibu yote iliyokuwa imekomaa. Chini yake miche imesongamana, na mpita njia ana wasaa wa kuinama na kuichunguza.

Naamini ujuzi wa namna hiyo ndio uliozaa ulinzi. Mwaka 1966 ilipopendekezwa barabara ya pili ya kuvuka milima hiyo, ambayo ingeikata Njia ya Appalachian magharibi mwa Kuwohi, mamia ya watu walitembea pamoja mwezi Oktoba kuipinga, na baadaye mpango ukaachwa. Miongoni mwao walikuwamo wanachama wa vyama vya matembezi, watu wa kujitolea wanaofyeka vichaka na kuondoa miti iliyoanguka njiani.

Kwetu, ambako mpango wa magari ya kebo Kilimanjaro umezua mjadala, ningependa wapagazi na waongoza watalii wasikilizwe kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa, kwa maana wao huupanda mlima ule mwaka mzima na wanajua mahali ambapo msitu umeanza kuchoka.